Gesi inapita Kilwa, Miteja bado inapikia mafiga

*Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa nyumba zilizokwishajengwa pwani ya Lindi, kazi hiyo inaanzia kwenye kibanda cha jikoni.*

Jiko la nyumbani Miteja mara nyingi ni kibanda nyuma ya nyumba kubwa: fito zilizokandikwa udongo, paa la makuti lililoshuka hadi usawa wa bega, mlango mmoja, dirisha hakuna. Asubuhi kabla ya chai mpishi huinama mlangoni, hupanga vifuu viwili vitatu katikati ya mafiga, juu yake makumbi ya nazi, kisha kuni nyembamba, na mwisho kigogo cha mkorosho kilichopogolewa shambani. Kifuu hushika moto upesi. Makumbi hutoa moshi mweupe mzito, na hapo ndipo macho huanza kuwasha.

Inua uso ndani ya kibanda hicho utaona makuti meusi yanayong'aa kama yamepakwa lami. Masizi yananing'inia kwenye fito, na sufuria ikiachwa wazi humdondokea mtu kwenye mchuzi. Wazee watakwambia moshi huo una kazi yake: hufukuza wadudu wanaokula makuti na hukausha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moto. Ni kweli. Lakini kifua cha mama na cha mtoto aliyebebwa mgongoni navyo vimetundikwa juu ya moto huo huo, asubuhi, mchana na jioni.

Miteja ni kata ya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, kwenye njia kuu ya kwenda Dar es Salaam, kati ya Nangurukuru na Somanga. Mwendo mfupi kwenda kaskazini, Somanga Fungu, ndipo bomba la gesi kutoka kisiwa cha Songo Songo linapopanda nchi kavu. Gesi hiyo imekuwa ikisafiri kwenda Dar es Salaam tangu 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana jiko lake, na wengi wa rika lake bado wanapuliza makumbi.

Nishati yote iko chini ya sufuria

Ukisikia nchi za Ulaya zikizungumzia kupunguza hewa ukaa majumbani, habari ni za kuta, madirisha ya vioo viwili na mitambo ya kupasha nyumba joto. Wao wanapambana na baridi. Nyumba ya Kilwa haina baridi ya kupambana nayo, na nishati yake karibu yote huishia chini ya sufuria. Kwa hiyo anayetaka nyumba iliyopo Miteja itumie nishati kidogo na kutoa moshi kidogo aanze jikoni. Sebuleni atazima taa moja na redio.

Takwimu zilizomo kwenye Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, 2024–2034, zinaonyesha asilimia 63.5 ya kaya nchini hutegemea kuni na asilimia 26.2 mkaa. Gesi ya mitungi ni asilimia 5.1, umeme asilimia 3. Serikali inakadiria watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa majumbani. Idadi hiyo ingekuwa ya ajali za barabarani, kungekuwa na kikosi chake na namba yake ya simu ya dharura.

Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mkakati huo Dar es Salaam tarehe 8 Mei, 2024. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ambako zilitolewa ahadi za Dola bilioni 2.2 za Marekani. Kusini mwa Sahara karibu watu bilioni moja wanapika kama wanavyopika Miteja.

> Moshi ni kuni ambazo hazikuungua zikaisha. Kila wingu linalotoka chini ya makuti ni mzigo wa kichwani uliopotea hewani.

Moto wa mafiga matatu hupoteza zaidi ya asilimia 80 ya joto lake. Upepo huuyumbisha, sufuria hupokea kidogo, na kinachobaki hupasha hewa na ukuta. Kuni mbichi ni hasara nyingine, kwa kuwa moto hutumia nguvu zake kukausha maji kabla ya kupika. Na moshi ni kuni ambazo hazikuungua zikaisha: una masizi, una gesi ya kaboni monoksaidi inayomlevya mpishi, una methani inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa yenyewe. Mti uliokatwa ukichipua tena, hewa ukaa yake hurudi kwenye jani. Masizi na methani havingojei mti uchipue.

Gesi ya bomba na gesi ya mtungi

Swali la kwanza utakaloulizwa ukitaja nishati safi Kilwa ni hili: kama gesi ni yetu, kwa nini tunanunua mtungi?

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974. Ilikaa chini miaka 30, kisha likajengwa bomba hadi Ubungo, likaja kuendesha mitambo ya umeme na viwanda vya Dar es Salaam. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la pili, pana zaidi, la inchi 36, kutoka Madimba mkoani Mtwara hadi Dar es Salaam, likichukua tawi la Songo Songo hapo hapo Somanga Fungu. Kabla halijakamilika, mwaka 2013, hasira za kuona gesi inaondoka kusini zilizaa vurugu Mtwara, na watu wakafa. Lindi na Mtwara hawajasahau.

Jibu la kitaalamu lipo, na mwananchi anastahili kuelezwa lote. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ukiibana kidogo inageuka maji, ndiyo maana mtungi wa kilo 6 unabebeka kwenye bodaboda. Gesi ya Songo Songo ni methani. Hiyo haigeuki maji mpaka ipoe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na ukitaka kuibana bila kuipoza unahitaji mtungi mzito wa shinikizo kubwa mno kwa jiko la nyumbani. Njia yake ya kawaida kuingia jikoni ni bomba dogo la mtaani, na bomba hilo lina maana pale nyumba zilipobanana.

Hivyo gesi inayopikiwa Miteja imeingia nchini kwa meli na ikaletwa kusini kwa lori, wakati gesi ya nyumbani inakwenda kaskazini chini ya ardhi. Nimelieleza hilo mara nyingi, na kila mara naona haki ya anayekunja uso.

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilianza kuunganisha nyumba chache Dar es Salaam, kisha likaingia Mtwara na Lindi. Kwa kushirikiana na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, upo mradi wa nyumba zipatazo 980 katika Mkuranga, mkoani Pwani, na Mnazi Mmoja, mkoani Lindi. Ni mwanzo mzuri, na unathibitisha kwamba nyumba ya kijijini inaweza kuwekewa bomba. Lakini vijiji vya Kilwa vimetawanyika. Shamba la mikorosho linatenganisha kitongoji na kitongoji. Kuiambia Miteja ingojee bomba ni kuiambia ivute moshi miaka mingine ambayo hakuna aliyeihesabu.

Mtungi wa kwanza na mjazo wa pili

Serikali imechagua kuanza na mtungi. Katika mwaka wa fedha 2024/25 REA iligawa kwa ruzuku ya asilimia 50 mitungi 452,445 ya kilo 6, ikapangia kila wilaya mitungi 3,255. Kilwa ina watu karibu 300,000 kwa sensa ya 2022. Ni mtungi mmoja kwa kila watu wapatao 90.

Kwa aliyeupata, faida ni ya papo hapo. Chai ya alfajiri inachemka bila kutoka nje, mtoto anakwenda shule ameshiba, macho hayawashi. Akina mama wanaoutumia hawana haja ya kuhubiriwa.

Tatizo ni siku gesi inapokwisha. Mjazo wa kilo 6 unapita Sh20,000. Mkulima wa ufuta hupata fedha kwa mkupuo wakati wa mauzo, wa korosho vivyo hivyo, na mvuvi hutegemea bahari ilivyoamka. Kuni haziombi fedha ya mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo na kwa fungu, kiasi cha mboga ya siku moja. Gesi inauzwa kwa mtungi mzima, na mwenye Sh2,000 mkononi hana cha kununua hapo. Ndiyo maana mitungi mingi ya vijijini hugeuka pambo la kona ya sebule.

Mijini imejaribiwa mita inayofungwa kwenye mtungi, mteja akalipia kwa simu kidogo kidogo kadiri anavyopika. Kijijini jambo hilo linahitaji wakala aliye karibu na mtungi wa akiba. Kwa maoni yangu ruzuku ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye mjazo wa pili, wa tatu na wa nne, mpaka jiko la gesi liwe mazoea, kuliko kumaliza fedha zote kwenye chuma cha mtungi.

Pia kuna barabara. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii mapema Mei 2024, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa, malori na mabasi yakakwama pande zote mbili. Nyumba inayotegemea lori kwa moto wake hujifunza kubakiza mafiga. Wataalamu hulalamika kwamba familia ina jiko la gesi na bado inawasha kuni. Mwenye nyumba anaiona kuwa ni bima, na ana sababu.

Uniti 75 za umeme

Upande wa kaskazini wa Kilwa unapita Mto Rufiji, na juu ya mto huo Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Mitambo yake yote tisa ilikamilika 2025. Sasa nchi inaweza kuzungumzia kupika kwa umeme ambao haukutokana na kuchoma kitu.

Kuunganishiwa umeme kijijini ni Sh27,000. Presha kuka ya umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja, na hufunga moto yenyewe. Kwa mteja wa matumizi madogo, kundi la D1, uniti ni Sh100 kabla ya kodi na tozo. Hakuna kuni wala mkaa utakaopika maharage kwa gharama hiyo, labda kuni za kuokota, na hizo zinalipiwa kwa mgongo wa mwanamke.

Lakini bei hiyo ni ya uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha, kila uniti ya ziada ni Sh350, na anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la Sh292. Familia yenye taa, feni, simu na friji ndogo ikianza kupika kwa umeme inavuka mstari. Hivyo anayefanya lile ambalo mkakati wa taifa unamwomba afanye ndiye anayepandishiwa bei. Bei hizo zilipangwa wakati hakuna aliyefikiri mwanakijiji atapika kwa Luku. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, na Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, wakikaa mezani wanaweza kurekebisha kwa kalamu, na hakuna bwawa la kujenga.

> Anayefanya lile ambalo mkakati wa taifa unamwomba afanye ndiye anayepandishiwa bei.

Mkaa ni mshahara wa mtu

Kuna upande mwingine ambao hausikiki sana kwenye makongamano. Gunia la mkaa kando ya barabara ya Kilwa ni ada ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa 2003, soko la Dar es Salaam lilisogea hadi mlangoni mwa misitu ya kusini. Magogo yalitangulia, mkaa ukafuata. Benki ya Dunia ilikadiria 2009 kwamba Dar es Salaam peke yake hutumia karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima, na kwamba biashara hiyo huzungusha Dola milioni 650 kwa mwaka. Serikali ilijaribu kuupiga marufuku Januari 2006. Marufuku haikudumu hata mwezi.

Tanuri la kienyeji hula kilo sita hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti inaishia msituni, kwenye moshi wa tanuri, kabla mkaa haujapanda lori. Kwa hesabu ya hewa ukaa, basi, jiko la Miteja linalookota matawi makavu na vifuu lina dhambi ndogo kuliko jiko la Temeke au Mbagala linalochoma mkaa uliotoka Kilwa. Haya lazima yasemwe, kwa sababu mara nyingi mwanakijiji hunyooshewa kidole kwa msitu uliopikia chakula cha mjini.

Na mkaa si mkosaji wa kwanza. Utafiti kuhusu misitu ya Tanzania uliochapishwa 2020, ambao watafiti wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, walishiriki, ulikuta kilimo ndicho kichocheo kikuu cha ukataji. Serikali imekuwa ikitaja upotevu wa hekta 469,420 kwa mwaka. Pwani ya Lindi kila mtu anajua ufuta unavyofungua mapori. Ukizima mafiga yote ya Miteja kesho, shoka la shamba jipya halitasimama.

Je, hilo linaondoa haja ya kutengeneza jiko? Hata kidogo. Linabadilisha sababu ya kwanza. Kijijini sababu ya kwanza ni pumzi ya mama na saa zake. Mjini ni msitu na hewa ukaa. Sera inayochanganya hizo mbili humtoza mwanamke wa Miteja deni la mla chipsi wa Dar es Salaam.

Kaboni ya kuuzwa

Kati ya pande hizi ameingia mgeni mpya: mfanyabiashara wa kaboni. Anagawa majiko banifu bure au kwa bei ya chini, anahesabu kuni zilizookolewa, kisha anauza hesabu hiyo kwa kampuni za nje zinazotaka kufidia moshi wao. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hiyo 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Majiko hayo ni mazuri yakitumika. Shida ni hesabu. Mapema 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko katika nchi kadhaa, wakakuta kwa jumla ilidai kuokoa hewa ukaa zaidi ya mara tisa ya kile walichoweza kuthibitisha. Sababu ni zile zile za Miteja: jiko limehesabiwa linatumika kila siku, kumbe mafiga yako palepale, na sufuria kubwa ya ugali wa msibani haikai juu ya jiko dogo.

Kilwa wana uzoefu wao wa kuuza msitu bila kuumaliza, na ni wa kuheshimiwa. Mwaka 2009, kupitia Mpingo Conservation and Development Initiative yenye makao Kilwa Masoko, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mwaka uliofuata ulianza mradi wa majaribio wa kaboni kwa fedha za Norway. Kinachofanya mfano huo uaminike ni kwamba mti mmoja wa mpingo unahesabiwa, unagongwa nyundo, unauzwa mbele ya kamati ya kijiji, na fedha zinasomwa mkutanoni. Jiko la kaboni bado halijafika kwenye uwazi wa namna hiyo. Likifika, kijiji kilipwe sehemu yake kama kinavyolipwa gogo.

Udongo, sufi na kifuniko

Wakati gesi, bei na kaboni vinajadiliwa, kibanda cha jikoni kinaweza kutengenezwa. Hapa ndipo nina la kusema kwa sauti, kwa sababu ndipo panapodharauliwa.

Jiko banifu la kuni la kujengwa linatumia vitu vilivyopo: udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa, maji. Linafinyangwa kuzunguka sufuria za nyumba hiyo hiyo, kubwa na ndogo, hivyo mwali haupati pa kutorokea. Tundu la kuni linaachwa dogo makusudi, ili mtu asishindilie magogo. Upande wa nyuma unatoka mrija wa dohani kupita ukutani, na penye makuti dohani lazima ikae mbali na paa au izungushiwe udongo, la sivyo nyumba itaungua. Likikauka polepole kivulini halipasuki. Likipata ufa linazibwa kwa udongo ule ule, na mwenye nyumba haiti fundi.

Jiko hilo haliwi safi kama gesi, na mkakati wa taifa una haki ya kutaka zaidi. Lakini kibanda kilichofunguliwa madirisha mawili yanayokabiliana, kikaachiwa mwanya kati ya ukuta na paa, na kikapata dohani, ni kibanda kingine. Kuni zinapungua, na moshi unaobaki unatoka nje.

Kuna jambo jingine dogo kuliko hilo. Kunde na maharage yaliyolowekwa usiku huiva upesi zaidi. Sufuria iliyofunikwa huchemka mapema. Na wali ukishachemka na maji kupungua hauhitaji moto tena, unahitaji kutopoa. Kikapu cha ukindu kilichojazwa sufi pembeni na chini, na mto wa sufi juu, kinamaliza kuivisha wali wenyewe na kuuweka moto mpaka watu warudi shambani. Misufi ipo pwani nzima, na sufi yake siku hizi hupeperuka bure. Wazungu wanavika kuta zao pamba ya kuzuia joto lisitoroke. Sisi tuvike sufuria.

Si kila nyumba itavutiwa. Wapo wanaosema wali wa kikapu hauna ukoko, na nazi ya mchuzi inataka moto wa kuonekana. Wapike kwa mafiga siku ya sikukuu. Siku nyingine 300 zinatosha kuokoa mzigo wa kuni.

Bati na jua la saa saba

Paa nalo ni sehemu ya nyumba iliyopo, ingawa hewa ukaa yake ni ndogo. Kila anayepata fedha ya korosho Kilwa huondoa makuti na kuweka bati, na ana haki: makuti huoza, huvuja, huungua. Ila bati bila dari hugeuza chumba tanuri saa saba mchana, na feni inayoletwa na umeme husukuma hewa ya moto kutoka kona moja hadi nyingine.

Dawa zake ni za bei nafuu: rangi nyeupe juu ya bati ili mwanga wa jua urudi ulikotoka, matundu ya hewa kwenye pembe za paa, dari hata ya mikeka, upenu mrefu unaoweka ukuta kivulini. Jirani zetu wa Mtwara wameona hatua ya mbali zaidi: nyumba 110 za majaribio zinazoitwa Star Homes zimejengwa katika vijiji 60, zenye ghorofa moja na kuta za wavu zinazopitisha hewa na kuzuia mbu, ili kupima kama nyumba yenyewe inaweza kupunguza maradhi ya watoto. Hizo ni nyumba mpya. Mafunzo yake kuhusu hewa na kivuli yanaweza kuhamia kwenye nyumba ya udongo iliyosimama miaka 20.

Fedha hazianzii Paris

Tanzania imeahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, na sehemu kubwa ya ahadi hiyo inasubiri fedha za nje. Ahadi za Paris zitafika kwa wakati wake na masharti yake. Kilwa ina mifuko miwili iliyo karibu zaidi.

Wa kwanza ni ushuru wa huduma ambao Halmashauri ya Wilaya hupokea kutokana na mauzo ya gesi ya Songo Songo. Ni haki yake kwa kuwa gesi inatoka kwake. Madiwani wanaweza kutenga sehemu iliyotajwa wazi kwenye bajeti kwa ajili ya majiko: mafundi wawili watatu wanaolipwa kila kata, dohani za bati zinazonunuliwa kwa pamoja, na ruzuku ya mjazo kwa kaya zenye watoto wachanga na wajawazito, ambazo zahanati inazijua.

Wa pili ni msitu wenyewe. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kilichotenga msitu wake kubaki na mapato yake, na vijiji vya Kilwa vilivyouza mpingo na miti mingine kwa utaratibu huo vimejenga madarasa, nyumba za walimu na visima. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopiga kura fedha ziende wapi. Mpaka sasa kibanda cha jikoni hakijawa kwenye orodha, kwa sababu huhesabiwa kuwa shauri la mwanamke mmoja mmoja, na darasa huhesabiwa kuwa la kijiji. Moshi wa vibanda hivyo unavutwa na watoto wale wale waliojengewa darasa. Hoja hiyo inaweza kuletwa na mjumbe yeyote kwenye mkutano ujao, pamoja na gharama ya dohani moja ikizidishwa kwa idadi ya kaya.